Mifupa Niliyoichoma Ikawa Nyeupe

Mifupa mimi naijua. Nilianza kuichemsha mtaa wa Bondeni nikiwa kijana, sufuria moja ya supu ya kichwa kando ya barabara, na mteja alikunywa akiwa amesimama kwa sababu sikuwa na hata stuli. Leo nina bucha zangu, nyumba ya ghorofa nje kidogo ya mji, na kisima kilichochimbwa chini mpaka fundi wa mashine akasema hajawahi kuona jiwe kaidi kama lile. Shule niliiacha darasa la sita. Wale waliobaki darasani, wengi wao siku hizi huniita bosi. Sijisifu, nasema tu vile mambo yalivyo.

Lakini nimechoka. Si uchovu wa bucha, huo nimeuzoea. Ni wa meno ya mtoto.

Mtu wa kwetu ukitaka kumjua, mwache acheke. Meno yetu yana rangi ya chai ya rangi, mengine yana vishimo kama ukuta ulionyeshewa. Yangu ni hivyo. Picha ya harusi yangu nimefunga mdomo kama mtu aliyeletwa kituo cha polisi. Watu husema yule tajiri ana sura ngumu, kumbe ni meno. Vijana wangu wawili wakubwa wamerithi hayo hayo. Wa pili aliwahi kurudi kutoka Mombasa amekasirika, msichana amemuuliza kama huwa anapiga mswaki.

Mke wangu ni wa Molo. Kwao kuna chemchemi chini ya shamba la mama yake, maji baridi mpaka yanauma, na meno yake ni meupe mpaka leo. Kitinda mimba wetu alipozaliwa, msichana, aliyekuja wakati tulidhani tumefunga hiyo kazi, mke wangu alimshika tukiwa bado hospitalini akaniambia, "Baba, huyu hapana. Huyu hatakunywa maji yako."

Maji yako. Kisima nilichokichimba kwa jasho la supu.

Basi maji ya mtoto yakawa yanashuka kutoka Molo na lori ya viazi. Mitungi ilibanwa katikati ya magunia, na ilishushwa mbele ya bucha yangu, mchana, watu wakiwa wamejaa. Wabebaji wale hawana heshima.

"Bosi, si una kisima? Ama ni ya kuonyesha wageni?"

"Hiyo kisima ni ya sherehe. Wewe shusha tu."

"Tajiri ananyonya kwa mama mkwe!"

Nilicheka nao, mdomo umefungwa. Lakini jambo hilo lilinikaa. Kila lori ikija, natafuta kazi ndani, kwenye friji.

Halafu siku moja kanisani, baada ya ibada, nikasikia wazee wakisema kuna watu wanachoma mifupa, wanaisaga, wanapitisha maji hapo, na ile kitu inayoharibu meno inabaki kwenye mifupa. Inaitwa floraidi. Nikasema moyoni, Mungu ananipenda mimi peke yangu. Mifupa! Mimi ambaye mifupa naipa mbwa wa mtaa mzima. Wakasema machujio yanauzwa yakiwa tayari. Mwenye bucha anunue mifupa? Nikaenda zangu.

Nilikata pipa, nikatengeneza tanuru nyuma ya nyumba, nikapanga mifupa, nikawasha. Moshi uliotoka hapo sitausahau. Mzito, wa manjano, na unanuka nywele zilizoungua. Jirani yangu, mama mmoja mwalimu aliyestaafu, alikuja mpaka kwa ua ameziba pua na leso.

"Jirani, unachoma nini na nguo zangu ziko kwa kamba?"

"Mifupa, mathe."

"Ya nani?"

Ilibidi nimfungulie lango aje aone ni ng'ombe.

Mifupa ya kwanza ilitoka nyeusi kama makaa. Nikaisaga, nikaijaza kwenye pipa lenye bomba chini, nikapitisha maji. Yalinuka kama nyama ya jana. Mke wangu alionja akatema kwenye maua. Sasa hapo ndipo ujuzi wangu wa bucha ulinipoteza. Kwangu cheusi ni uchafu. Gogo la kukatia nyama nalisugua kwa chumvi na maji moto mpaka linakuwa jeupe, na mkaguzi wa afya akija hupitisha kidole na kuniamkia kwa heshima. Nikaona hii mifupa haijaiva. Nikaongeza kuni, nikaongeza makaa, nikatega feni ya zamani ipulize moto. Mwalimu alihamia kwa dada yake wikendi nzima. Mifupa ikatoka nyeupe kama chaki, inavunjika kwa kidole, haina harufu yoyote.

Maji yaliyopita pale yalikuwa matamu. Nilikunywa glasi mbele ya majirani, nikajipangusa mdomo. Nikamwambia mke wangu, "Piga simu kwenu. Lori isilete tena."

"Umeyapeleka kupimwa?"

"Kipimo ni huu ulimi. Ulimi huu ndio umejenga hii nyumba."

Aliniangalia kidogo, halafu akapiga simu. Mtoto wakati huo alikuwa ndio ameanza kukimbia na kuongea maneno mawili matatu. Akaanza kunywa ya kwangu. Na tuliyachemsha pia, kwa sababu kliniki walitufundisha chemsha, chemsha. Kwangu hakuna aliyeugua tumbo. Nilitembea nikijua nimeishinda hata milima.

Miaka ikapita hivyo. Mtoto akaanza shule, akang'oka jino la mbele, akalificha chini ya mto apate shilingi. Nikangoja lile jipya kama mtu anayengoja ndama. Asubuhi moja akaja nikivaa viatu.

"Baba, ona! Limetoka!"

Lilikuwa limetoka. Lilikuwa na mistari ya chokaa, na katikati doa la kahawia, kama tone la chai kwenye kitambaa.

Nikamwambia ni chakula kimeshika. Nikampeleka kwa bomba, nikasugua kwa mswaki. Nikasugua kwa chumvi. Nikaendelea mpaka akasema, polepole, kwa sababu ni mtoto mwenye adabu, "Baba, inauma." Mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Nilitaka aseme neno. Ningejua la kumjibu.

Siku hiyo hiyo nilichukua chupa mbili. Moja nikaijaza maji moja kwa moja kutoka kisimani, nyingine maji yaliyopita kwenye mifupa, nikaenda maabara ya maji mjini. Aliyenipokea ni mama wa makamo, koti jeupe, miwani imeshuka puani. Alimimina kidogo kidogo kwenye vichupa vya kioo, akadondosha dawa nyekundu.

"Hii dawa ikikutana na floraidi inapauka," akasema. "Ikiwa nyingi sana, inapauka sana."

Cha kisimani kikapauka mpaka kikawa kama juisi iliyotiwa maji na mtu mchoyo. Nikatikisa kichwa kama mtu anayejua. Nikangoja cha pili kibaki chekundu.

Kikapauka vile vile.

"Mzee, umeniletea chupa mbili za maji yale yale."

"Hapana mama. Hii imepita kwa mifupa."

"Mifupa ya rangi gani?"

"Nyeupe kabisa," nikasema, na bado nilisema kwa kifua. "Mimi sifanyi kazi chafu."

Alivua miwani. Hakunicheka, na afadhali angecheka. Alisema mfupa uliochomwa vizuri unatoka mweusi, au kijivu kinachokaribia weusi, moto ukiwa umefunikwa, hewa ni kidogo. Ule una vitundu vidogo sana ambavyo jicho halioni, na floraidi inapita humo inashikwa. Ukizidisha moto mpaka ukawa mweupe, vitundu vinajifunga. Unabaki na jivu tu.

"Lakini yalikuwa matamu!"

"Floraidi haina ladha, mzee. Haina rangi, haina harufu."

"Na tulichemsha."

"Mkichemsha, mvuke unaenda, yenyewe inabaki kwa sufuria. Maji yanapungua, yenyewe haipungui."

Nikakaa kwenye benchi. Nikamuuliza ni nani ameyachafua hayo maji, maana mimi nikijua mtu naweza kumtafuta. Nilikuwa nafikiria viwanda, mashamba ya maua ya huko chini, dampo la taka na moshi wake. Akasema hakuna mtu. Ni mawe. Hili bonde letu lilitapika moto zamani, mawe yake yana hiyo kitu, na maji yakikaa chini muda mrefu yanaiyeyusha. "Na ukichimba chini zaidi, mara nyingi ndio inaongezeka."

Mimi niliyemlipa fundi aende chini zaidi.

"Kwa nini inaenda kwa meno?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa imeshuka.

"Inapenda mfupa. Meno na mifupa vimejengwa na kitu kimoja. Ndiyo sababu tunaipa mfupa wa ng'ombe iushike huo, isifike kwa mtoto."

Nikamweleza jino la mtoto wangu. Akauliza umri, akauliza alianza lini kunywa maji yale. Halafu akasema jino haliharibikii mdomoni. Linatengenezwa ndani ya fizi miaka mingi kabla halijachungulia. Yale ya mbele yote yameshatengenezwa huko ndani, hata yale ambayo bado hatujayaona. Kusugua ni kazi bure.

"Na ya nyuma?"

"Kuna ya nyuma ambayo bado yanajengwa. Si kwa muda mrefu."

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama watoto anachagua maharagwe. Nikamwambia yote nimesimama, sikuacha neno. Alisikiliza mikono ikiendelea kuchagua. Mwisho akauliza kitu kimoja tu.

"Ya nyuma bado?"

"Bado."

"Lori ya viazi imeshashuka leo. Itarudi wiki ijayo." Akanyanyuka, akamwaga chupa ya chai yote kwenye sinki. "Leo jioni uji wake nitaupika na nini?"

Nilitupa mitungi mitupu nyuma ya pikapu nikashika barabara ya Molo.

Sasa, mkwe haendi ukweni hivyo. Kwetu mkwe anatuma habari, anavaa koti, na mimi hasa naenda na paja zima la ng'ombe begani kijiji kizima kione. Siku hiyo nilifika na gambuti za mpira miguuni na mitungi inagongana. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya huko, nyembamba, isiyokwisha. Mama mkwe alitoka na gunia kichwani, akaangalia mikono yangu, akaangalia pikapu.

"Baba ya watoto, kuna msiba?"

"Hakuna, mama."

"Na nyama?"

"Leo sina. Nimekuja kukuomba maji."

Yule mama ana zaidi ya miaka sabini na meno yake yote ni meupe.

"Ya mtoto?"

"Ya mtoto."

"Si uliambia hawa watu hapa una mtambo wa mifupa?"

"Niliwaambia."

Alinionyesha njia ya kwenda chini kwa mkono, kama mtu anayemwelekeza mgeni, kisha akarudi jikoni kupuliza moto. Kutoka pale chemchemini mpaka barabarani ni mlima, na udongo wa Molo ukilowa hauna huruma na mwanaume mnene. Nilikuwa nabeba mtungi mmoja mmoja. Katikati ya mlima nilikuwa naweka chini, napumua, nanyanyua tena. Nilipomaliza pikapu ilikuwa imelemewa, matairi yamelala, na nikipiga hesabu, uji na chai na ya kunywa, niliona kabla ya Jumapili nitakuwa nimerudi hapo.