Mguu Niliokwisha Kuuza

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilishika bendera nyekundu kwenye barabara ya Garbatulla, nikiwa kibarua wa kampuni iliyokuwa ikimwaga kokoto. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama na kusimamisha. Alasiri moja lori la mbuzi kutoka Merti halikusimama, nami nikarudi Isiolo na mguu wa kulia usiokunjika.

Kampuni ilinilipa fidia bila maneno mengi. Nikanunua mbuzi, maana kibarua asiyeweza kusimama hana kazi nyingine, na nyumba yangu ikaishi kwa mbuzi hao.

Baadaye dereva, mwenye lori lake mwenyewe, alikuja nyumbani na wazee watatu. Sote tulikuwa Waborana, kwa hiyo yakafanyika yanayofanyika kwetu watu wakipatana. Wazee walileta buna, yaani buni za kahawa zenye maganda yake, mke wangu akazikaanga kwa samli, tukatafuna pamoja, dua ikaombwa.

"Nisamehe, ndugu yangu," dereva akasema.

"Nimekusamehe."

Nilisema kweli. Alikuwa ameketi amekunja miguu yote miwili, jambo lililoniudhi kidogo, lakini nilisema kweli.

Sikujua kwamba kampuni ilikuwa ikimdai. Karani wao alikuja na barua, akanisomea taratibu kama anayemsomea mgonjwa. Walichonilipa mimi walitaka dereva awarudishie, kwa kuwa kosa lilikuwa lake. Dereva naye alikuwa amejibu kwamba mambo yalikwisha, mwenye mguu alisamehe. Mahakama ikikubali hivyo, kampuni ingeidai fidia yake kwangu, kwa kuwa msamaha wangu ndio ungekuwa umewapotezea haki yao. Niliwatazama mbuzi wangu. Niliogopa, nikamkasirikia karani kwa barua ambayo hata hakuiandika yeye.

Mahakamani wakili wa dereva hakupoteza wakati.

"Ulikula buna?"

"Nilikula."

"Ukasema umesamehe?"

"Nilisema."

Hakimu aliyetoka mbali aliuliza buna ni kitu gani. Mkalimani akamwambia ni kahawa, basi akaandika kwamba nilikunywa kahawa na mdaiwa. Wazee watatu walitazamana. Niliona kesi inapotea kwenye kikombe ambacho hakikuwapo, nikaomba kusema.

"Bwana hakimu, huyu nilimsamehe kosa lake mbele ya Mungu. Lakini siku hiyo mguu ulikuwa umeshalipiwa na kampuni. Ni kama nilikuwa nimeshauuza. Ningesamehe aje mali ya mtu mwingine?"

Watu wachache walicheka. Hakimu hakucheka, aliandika kwa muda mrefu. Kampuni ilishinda, lori likauzwa, mbuzi wakabaki wangu. Kwa miezi kadhaa nilijiona mjanja, na nilipenda kusimulia maneno hayo kwa yeyote aliyekaa karibu.

Kisha nikakutana na dereva kwenye soko la mifugo. Alikuwa anapakia mbuzi kwenye lori la mtu mwingine, kwa ujira wa siku.

"Salaam aleikum," akasema, akanipa mkono.

"Aleikum salaam."

Hakuuachia mkono wangu.

"Hiyo msamaha yako," akasema, bila hasira, "bado ni yangu, ama hiyo pia uliuzia kampuni?"

Nikamwambia ni yake. Safari hii sikuwa na hakika kwamba nasema kweli.