Mgongo wa Ng'ombe wa Mahari

Mimi ni mtu wa kushuku, wala sijifichi. Hata leo mtu akiniletea ndizi bila sababu, naugeuza mkungu kwanza nione kuna nini chini yake. Kwa hiyo msishangae nikisema kwamba yule mzee wa Ikoma nilimshuku tangu siku ya kwanza alipoingia darasani kwangu, kofia mkononi, vumbi la matofali hadi kwenye nyusi.

Ilikuwa Tarime, miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado anatutawala. Nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni, msichana aliyekwisha kuchumbiwa na kutolewa mahari, nangoja harusi tu. Jumamosi alasiri nilifundisha watu wazima waliotaka kujua kusoma kabla ya kubatizwa. Wengi wao hawakuwa wamewahi kushika penseli. Waliikamata kama mpini wa jembe, wakaikandamiza mpaka ncha ikavunjika na karatasi ikatoboka. Nikaona herufi zingoje, tuanze na kuchora.

Kule chuo cha ualimu, sista mmoja mgeni alitufundisha mchoro wa ukingo. Unachukua kitu, tuseme kibuyu, unakiweka mbele yako. Jicho unaliweka mahali pamoja kwenye ukingo wake, na penseli unaiweka kwenye karatasi. Kisha jicho linatembea juu ya ukingo polepole na mkono unalifuata, bila kuinua penseli, mpaka umerudi ulipoanzia. Na sharti kubwa ni hili: usiangalie karatasi. Ukiangalia karatasi, alisema sista, utachora kibuyu unachokitaka wewe, siyo kilichopo.

Wanafunzi wangu walicheka mpaka wakashikana mabega. "Mwalimu, hata palizi tunaangalia!" akasema mama mmoja mwenye maneno mengi, aliyekuwa akikaa benchi la mbele. Lakini walijaribu. Vibuyu vilitoka vimepinda, shingo imeingia tumboni, ila mikono ikaanza kulainika. Tukachora vigoda, tukachora jembe, tukachora kiatu changu cha kushoto.

Nilipowaambia sasa tuchore ng'ombe, darasa zima likaweka penseli chini.

"Mwalimu," akasema yule mama, "nikishamchora ng'ombe wangu, karatasi inakwenda wapi?"

"Ukutani."

"Na Bwana Shauri akipita hapo ukutani?"

Ala! Nikaelewa. Bwana Shauri ndiye mkuu wa wilaya, na siku hizo serikali yake ilikuwa ikituimbia kwamba mifugo yetu ni mingi mno, ipunguzwe. Mtu yeyote aliyeonekana na karatasi karibu na zizi aliulizwa amekuja kuhesabu nini. Hasira zikanipanda. Mimi nilingane na wahesabu mifugo? "Basi nitamchora wangu kwanza," nikasema. "Akitafutwa wa kupunguzwa, apunguzwe wangu!"

Jumapili nikaenda kwa baba, mwendo wa saa moja kwa miguu. Ng'ombe wa mahari yangu walikuwa katika zizi lake, mwaka wa pili sasa tangu waletwe na watu wa mchumba wangu, ambaye alikuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali. Nikachagua jike mmoja mwekundu kwa sababu alikuwa mtulivu, wenzake walikuwa hawasimami. Pembe zake zilikatwa ncha, na sikio la kulia lilikuwa na pengo, alama ya ukoo wa mchumba wangu. Nikakaa juu ya jiwe, nikamchora mara kumi au zaidi, jicho likitembea mgongoni: nundu, halafu bonde dogo nyuma ya nundu, halafu mgongo unapanda, halafu kwenye nyonga kuna kinundu kama ngumi ya mtoto, ndipo unateremka mkiani. Mwishowe mkono ukakariri. Jumamosi nikamweka ubaoni kwa chaki, mstari mmoja tu. Yule mama akapiga kigelegele, na siku ileile akamchora ng'ombe wake.

Nje mafundi walikuwa wakijenga ukuta wa kanisa. Kibarua mmoja mzee akasimama dirishani, tofali begani, akautazama ubao mpaka fundi akamfokea. Jumamosi iliyofuata akaja darasani.

"Shikamoo," nikamwamkia, maana alikuwa rika la baba.

"Marahaba, mwalimu."

Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta maneno, kama chetu sote, ila chake kilisikika Kiikoma. Darasa likajikunyata. Mtu wa Ikoma, kule karibu na mbuga, amefuata nini Tarime? Mmoja akaninong'oneza kwamba huyo ni askari wa wanyama, amekuja kusikiliza nani anakula nyama ya porini. Mwingine akasema hapana, huyo ni jicho la wezi wa ng'ombe, hutangulia kuona mali iko wapi. Mimi nikaamini hilo la pili, kwa sababu nilikuwa nimemwona mnadani kwa macho yangu. Hanunui, hauzi, anapita nyuma ya ng'ombe mmoja mmoja akitazama migongo. Na swali lake la kwanza darasani, mnadhani lilihusu penseli?

"Mwalimu, yule ng'ombe wa ubaoni ni wa nani?"

"Ni ng'ombe tu," nikamjibu. "Ng'ombe wa chaki."

Akatikisa kichwa taratibu. "Hata wa chaki ana mwenyewe."

Siku hiyo nilirudi nyumbani kwa kuzunguka, nikigeuka nyuma kila kona.

Lakini jamani, alikuwa mwanafunzi! Vidole vilipasuka kwa matofali, penseli ilipotelea humo, na bado mstari wake ulitoka bila kutetemeka. Wengine wote niliwagombeza kwa kuchungulia karatasi. Yeye hata mara moja. Hilo nalo nikalishuku. Nani amemfundisha mtu huyu kutazama hivi?

Jumamosi yake ya tatu nikasema kila mtu achore anachopenda. Mzee akageuka akaelekea mlango uliokuwa wazi, macho nje, penseli ikaanza kutembea. Nikatazama nje. Palikuwa na lundo la mchanga tu.

"Mzee, unaangalia nini huko? Hakuna kitu!"

"Namwona, mwalimu."

"Nani?"

Hakujibu mpaka penseli iliporudi ilipoanzia. Akanipa karatasi. Alikuwa amechora ng'ombe jike mwenye pembe ndefu za ncha kali na masikio mazima. Lakini mgongo! Nundu, bonde dogo, mgongo unapanda, ngumi kwenye nyonga, mkia. Ulikuwa uleule niliouchora kwa baba.

Wenzake walipotoka, akanieleza. Wezi walimchukulia huyo jike, aliyekuwa wa mwisho zizini kwake. Alipokuwa ndama alitumbukia shimoni akaumia nyonga, na kile kinundu kikabaki. Alikuwa amewekwa kwa ajili ya kijana wake aoe. Msichana yuko kijiji cha Nyansurura, wazazi wake wamengoja, sasa wamechoka kungoja. Mzee alifuata nyayo mpaka mtoni zikapotea. Tangu hapo, mwaka wa pili, anafanya vibarua mji huu na mji ule, apate chakula huku akitafuta.

"Masikio watakuwa wamekata," akasema. "Pembe watakuwa wamekata. Nikienda baraza la chifu, mgeni, nikasema huyu ni wangu, watanicheka. Mgongo hawawezi kuukata, lakini mgongo peke yake nani atauamini? Mwalimu ataaminiwa. Naomba neno lako moja, binti yangu."

"Nipe wiki moja," nikasema. Na karatasi nikaichukua.

Kesho yake nikasimama mbele ya yule ng'ombe na ile karatasi. Nikatembeza kidole kwenye mstari wa mzee, jicho likitembea mgongoni. Havikuachana popote. Na nasema ukweli, nilimchukia yule mzee. Tarime nzima, mazizi yote haya, kwa nini aje kusimama dirishani kwangu?

"Tata," nikamwita baba, kama tunavyoita kwa Kikurya, "huyu ng'ombe alitoka wapi?"

"Kwa wakwe zako."

"Na kwa wakwe alitoka wapi?"

Baba akaegemeza fimbo yake ukutani. Akiegemeza fimbo ujue maneno yanakuja. "Ng'ombe wa mahari haulizwi alikolala jana. Ukimtoa mmoja kwa jina la wizi, umewatoa wote. Kaka yako ataoa na nini? Na wewe utakuwa nani hapa? Msichana aliyewaita wakwe zake wezi! Nani atakuja tena kukuposa?"

Kaka yangu alikuwa mlangoni mwa zizi. Alikuwa amekwisha kupata mchumba, na wote tulijua ni ng'ombe hawahawa watakaomwoza. Alinitazama mpaka nikaondoka.

Nikaenda hospitali kwa mchumba wangu. Nikamwuliza swali lilelile.

"Mimi nahudumia vidonda," akasema. "Ng'ombe waulize wazee." Alikuwa anakunja bendeji, na hakuinua uso.

Nilimpenda. Sina maelezo mengine. Nilimpenda, nguo ya harusi ilikuwa kwa fundi, na nilikuwa naogopa.

Jumamosi mzee akaja, na hakuja peke yake. Alikuwa amemleta tarishi wa baraza la chifu, kofia nyekundu kichwani, baiskeli ameiegemeza nje. Walikuwa wamekubaliana hivi: mwalimu amchore tena yule ng'ombe wake kwa mkono wake, maana ubao ulikwisha kufutwa zamani, na tarishi alinganishe na mchoro wa mzee. Vikifanana, mwalimu ataje zizi, nao waende wakaone. Karatasi ya mzee nilikuwa nayo. Asubuhi nilikuwa nimeisogeza jikoni kwenye moto, mkono ukakataa. Nikampa tarishi, nikashika chaki. Shikamoo sikumpa mzee siku hiyo.

Nikaanza. Nundu. Pale penye bonde nikapita moja kwa moja. Penye ngumi nikateremka laini. Macho yangu hayakubanduka kwenye ncha ya chaki, kwa sababu mkono ulitaka kwenda njia yake ya zamani, ikabidi niuchunge kila hatua. Nilipomaliza, alisimama ubaoni ng'ombe safi, mgongo umenyooka.

"Huyu leo kanenepa!" akasema yule mama, na watu wakapiga makofi.

Tarishi akatazama karatasi, akatazama ubao, akarudia karatasi. "Havifanani," akasema. "Mzee, umenitoa barazani kwa ajili ya hili?" Akamrudishia karatasi, akatoka. Tukasikia kengele ya baiskeli ikiteremka barabarani.

Darasa likaisha mapema. Mzee akabaki kwenye benchi mpaka wa mwisho alipotoka, akaikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfuko wa shati. Nilikuwa nangoja matusi. Majibu nilikuwa nayo tayari, mdomo wangu haujawahi kulala njaa: nani kakuambia, shahidi wako nani, rudi kwenu. Akainuka, akaiweka penseli ya misheni mezani kwangu, vizuri, isibingirike.

"Mwalimu," akasema polepole, "leo umeangalia ubao."

Akachukua kofia yake akaenda. Jumatatu hakuonekana kwenye ukuta wa kanisa, na fundi hakujua alikoelekea.

Niliolewa baada ya mavuno. Baadaye kaka yangu naye akaoa, na yule ng'ombe mwekundu akaswagwa pamoja na wenzake kwenda kwa wazazi wa mke. Nilisimama kando ya njia nikiwatazama wakipita, na jicho langu, bila kuambiwa, likatembea mgongoni kwake mpaka mkiani. Kama yule kijana wa Ikoma alipata ng'ombe wa kuolea, sijui. Sikuuliza. Mume wangu pia sikumwuliza tena kama alijua, na amefariki bila kuniambia. Kuchora niliendelea kufundisha miaka mingi, vibuyu, vigoda, viatu. Ng'ombe sikuchora tena, na wanafunzi waliponiomba niliwajibu kwa ukali wakadhani siwezi.

Siku za mwizi ni arobaini, husema watu. Zangu zimepita maelfu na hakuna aliyebisha hodi.

Ila yule ng'ombe, kabla hajaswagwa, alimwachia baba mtamba. Kinundu cha nyonga hakikurithiwa, kilikuwa cha ajali. Bonde nyuma ya nundu lilirithiwa. Mtamba akazaa, na wale waliozaliwa wakazaa, na leo zizi la nyumbani, ambalo sasa ni la watoto wa kaka yangu, limejaa mgongo huo. Wananipenda watoto hao. Kila wakija huniletea maziwa kwenye kibuyu. "Shangazi, kunywa, ni ya nyumbani," husema. Maziwa hayo tu ndiyo nisiyoyachunguza. Najua yametoka wapi, nashukuru, nakunywa.