Vizibo Vinane

Mwanangu alianza kusoma namba kuanzia ishirini na nne. Kabla ya hapo, kwake, hapakuwa na kitu. Ishirini na nne ndiyo namba ya kiatu kidogo kuliko vyote ninavyouza, na siku ya kwanza ya masomo nilimgeuzia soli ya kiraba chekundu nikamwambia, "Hii mbili, hii nne. Ishirini na nne." Baada ya wiki mbili alikuwa anakwenda bila kukosea hadi arobaini na tano, ambazo ni buti za wapasua mbao. Nilipomuuliza ni namba zipi zinakuja kabla ya ishirini na nne, aliniangalia kwa huruma.

"Baba, hao bado hawatembei."

Nauza viatu vya mitumba Makambako. Mke wangu anapanga parachichi kwenye maboksi kule Njombe, anarudi Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri. Kati yetu kuna mtoto mmoja, wa kike, na kati ya mtoto na shule kulikuwa na kifua. Nimonia ilimshika akiwa na miaka minne, ikamwachia, ikamrudia mwaka uliofuata kama mtu aliyesahau kofia yake. Daktari akasema asubuhi za baridi zitamdhuru, vumbi litamdhuru, tumkalishe nyumbani kwanza mpaka apate nguvu. Ni rahisi kusema. Makambako upepo hauna mlango wa kuufungia, na darasa la awali lililo karibu nasi lina madirisha ambayo upepo unaingia bila kuinama.

"Atachelewa," mke wangu alisema.

"Nitamfundisha mwenyewe."

"Wewe?"

"Mimi nina darasa la saba na miaka kumi na sita ya viatu. Hesabu gani ya mtoto itanishinda?"

Akasema, "Mwaka ukiisha aingie la kwanza na wenzake. Umesikia, baba mtoto? Na wenzake." Nikasema nimesikia. Hilo ndilo lilikuwa patano, na mimi kwenye mapatano huwa sishindwi.

Tulikuwa tunaanza nyumbani, mlango umefungwa, tukisubiri jua lishike. Herufi tulizifanya kwa kamba za viatu. Unatandaza kamba juu ya mkeka, unaikunja, inakuwa herufi. S ilimfurahisha kwa kuwa kamba inapenda kuwa S hata bila kuambiwa. Namba nane ilimpa shida, kwa sababu kamba inabidi ipite juu ya mgongo wake yenyewe, na yeye aliogopa kuikanyagisha. Saa nne, jua likishapata nguvu, tunakwenda kibandani, namkalisha nyuma ya turubai upepo usimwone, nammwagia viatu vya belo jipya, lile furushi la mitumba. Viatu vikitoka kwenye belo havina adabu, cha kulia cha huyu kimelala na cha kushoto cha yule. Kazi yake ilikuwa kuwapatanisha. Rangi kwanza, halafu namba, halafu kulia na kushoto. Kiatu kilichokosa mwenzake alikiweka pembeni, akakiita "kinachosubiri," na kila belo jipya likifunguliwa alikuwa anakichukua kwenda kukitafutia.

Mimi kila kitu nahesabu mara mbili, mara ya kwanza viatu, mara ya pili jozi. Hesabu hizo zisipokubaliana ujue kuna mtu kaondoka na kimoja mguuni. Mwanangu naye akawa anahesabu mara mbili. Mama anayeuza viazi mviringo jirani yangu alikuwa anachungulia.

"Shemeji, huyo mtoto unamfundisha au umemwajiri?"

"Namfundisha."

"Mbona nakuona wewe umekaa na yeye anafanya kazi?"

"Ndiyo ualimu huo."

Alicheka mpaka sado yake, kile kindoo cha kupimia, ikamwaga viazi viwili, na mwanangu akaviokota, akavihesabu, akamrudishia. "Vinne, shangazi," akamwambia. Mama wa viazi akasema, "Mbona viwili tu?" Mwanangu akasema, "Haya, viwili." Tukacheka wote watatu. Ningekuwa na akili, hapo ningeacha kucheka.

Maana kosa lilianzia kwenye dawa, na lilianzishwa na mimi.

Kifua kiliporudi ile mara ya pili, daktari aliandika vijiko viwili, kutwa mara tatu. Dawa yenyewe ilikuwa chungu, mtoto akaitema. Tulimbembeleza, tukamkaripia, mama yake alimshika mikono nami nikambana pua, ikawa vita ambayo sipendi kuikumbuka. Siku ya tatu, mama yake akiwa kazini, nilikaa chini mbele yake na chupa, nimechoka, na kwa kukosa la kufanya nikafanya ninachokijua.

"Vijiko vitano," nikasema.

Akashtuka. "Kimoja!"

"Kimoja? Unataka watoto wangu wale nini? Vinne."

"Kimoja!"

"Vitatu, kwa kuwa wewe ni mteja wangu."

Akafikiri. Alikuwa na homa, macho yanang'aa, lakini alifikiri. "Viwili."

Nikashika kichwa. "Umeniua. Haya, viwili, chukua, mwisho."

Akameza vyote viwili, huku akinitazama kwa raha ya mtu aliyempunja muuzaji. Kuanzia hapo hakutema tena. Nilimpigia mke wangu simu kumwambia. Nikasikia anafuta machozi au anafuta parachichi, sikuuliza.

Basi nyumba ikawa soko. Uji tulipatana vijiko, kulala tulipatana nyimbo, kuoga tulipatana makopo ya maji. Na hesabu nazo zikaingia humo humo. Namwaga karanga mkekani, nauliza, "Ngapi?" Yeye anaanzia juu, "Ishirini!" Mimi naanzia chini, "Tano!" Anapunguza, naongeza, tunakutana kwenye kumi na moja, na kwenye mkeka zipo kumi na moja. Kila siku tulikutana mahali pale pale, kwenye namba ya kweli. Nilijua anajua, maana asiyejua mwisho wa bei hawezi kushuka akasimama hapo hapo. Niliona fahari. Nilimwona mtoto mwenye akili ya kibanda kizima, na sikumhesabu mara ya pili.

Januari ikafika. Alikuwa ametimiza miaka saba, kifua kimetulia. Nilimchagulia jozi bora kuliko zote nilizopata mwaka huo, nyeusi, namba thelathini na moja, nikazing'arisha mpaka akauona uso wake humo. Masweta mawili. Sare ya darasa la kwanza mke wangu alikuwa ameishona tangu Novemba, ndefu kidogo, ili imfikishe hadi la pili.

Enzi zetu tulipimwa kwa sikio. Unapitisha mkono juu ya kichwa, ukiligusa sikio la upande wa pili umekuwa mkubwa, huligusi unarudi nyumbani. Mimi nilirudi mara moja. Siku hizi waliopita awali wana majina yao tayari, na wale wa nyumbani mwalimu anawauliza mambo machache mlangoni. Tulipanga foleni chini ya ukingo wa paa. Nilihesabu watoto mbele yetu, kumi na wanane. Nikahesabu tena, kumi na tisa. Mmoja alikuwa amejificha ndani ya khanga ya mama yake.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, sauti imeshakauka, na hakuwa mbaya. Nataka niliseme hilo mapema. Alimuuliza mwanangu jina, akasema vizuri. Akamuuliza rangi za chati ukutani, akazitaja zote, na moja akaiita "kahawia ya buti," mwalimu akatabasamu. Akamwonyesha herufi, akasoma. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma, naanza kupanga namna nitakavyomsimulia mke wangu.

Mwalimu akaweka vizibo vya soda mezani. Niliviona kutoka pale niliposimama. Vinane. Nikarudia. Vinane.

"Vizibo vingapi hivi?"

Mwanangu akavitazama. Midomo ikatembea, nami naijua midomo ile, alishamaliza mara ya kwanza na sasa yuko ya pili. Akainua uso.

"Kumi na vitano!"

"Hapana," mwalimu akasema.

Mwanangu akatabasamu. Ndivyo mteja anavyojibu. "Kumi na viwili."

"Hapana. Usikisie. Hesabu."

"Kumi."

Mwalimu alikuwa ameshainamisha kichwa anaandika. Mwanangu akageuka akaniangalia, akiwa na raha ileile ya siku ya dawa, akamgeukia mwalimu na kumalizia kwa ukarimu, kama mtu anayekubali hasara kwa ajili ya urafiki:

"Haya madam, vinane, chukua, mwisho."

Watu kwenye foleni walicheka. Mwalimu hakucheka. "Anayefuata."

Nikasogea. "Mwalimu, samahani. Huyu anajua."

"Mzee, umemsikia mwenyewe."

"Alikuwa anaanzia juu."

"Juu ya nini?"

Hapo ndipo ningemweleza habari ya dawa, ya daktari, ya karanga. Lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni, mbele yangu uso uliochoka, na mimi nikiona uso uliochoka mbele ya bidhaa huwa najua jambo moja tu la kufanya.

"Tupatane, mwalimu. Mpe mara ya pili."

"Kila mtoto mara moja."

"Basi mara moja na nusu."

Akanitazama, akamtazama mwanangu, akanirudia. "Sasa naona alikojifunzia," akasema, kwa upole kabisa. "Hapa siyo sokoni, mzee. Mlete awali kesho, akae na wadogo mwaka huu. Atazoea."

Mke wangu alipiga simu kabla sijafika nyumbani.

"Vipi?"

"Wamemweka awali."

"Awali? Na wale wa miaka mitano?"

"Ndiyo."

Nilisikia mashine za kule kazini, maboksi yakiburutwa. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti, "Mwaka mzima, baba mtoto, ulikuwa unamfundisha nini?"

Nilianza kuhesabu: jozi, kamba, herufi, rangi, kulia na kushoto. Nikahesabu tena. Simu ilikuwa imekatika, au aliikata, sijui.

Jioni ile ile nilimkalisha mwanangu mkekani. Alikuwa bado amevaa sare. Aliuliza kama mwalimu alifurahi. Nikamwambia hapana. Akauliza, "Nilishuka sana?" Nikamwambia sikiliza, kuanzia leo hakuna kupatana. Mtu mzima akikuuliza namba, taja moja. Mtu mzima akikutajia namba, ndiyo hiyo hiyo, usibishe, usipunguze. Umeelewa? Alinitazama akisubiri nicheke. Sikucheka. Akasema, "Nimeelewa, baba." Katika masomo yote niliyompa, hilo ndilo alilolishika mara moja.

Sasa anakwenda awali. Nampeleka mwenyewe. Wakisimama mstarini yeye ndiye anayetokeza kichwa na mabega, kama buti ya arobaini na tano iliyowekwa kwenye rafu ya watoto. Anakaa nyuma asiwazibe wenzake, karibu na dirisha. Mwalimu wa awali anasema ni mtoto mtulivu, hana usumbufu. Nilipomuuliza kama anajibu maswali, alisema akiulizwa hungoja wengine wajibu, halafu naye husema wanavyosema wao. Kibandani haji tena isipokuwa Jumamosi. Nammwagia belo, anapanga. Nikimuuliza jozi ngapi, anauliza, "Unataka ziwe ngapi?" Mwanzoni nilidhani anatania, nikafurahi. Nikamtazama vizuri. Hakuwa anatania. Vile visivyo na mwenzake haviweki pembeni tena, anavirudisha kwenye fungu. Mama wa viazi ameacha kuchungulia.

Juni, baridi ilipobana, kifua kikarudi. Siyo kama zamani, daktari alisema, ila dawa ni ile ile, chungu vile vile, vijiko viwili. Mke wangu alikuwa Njombe. Nilikaa chini mbele yake kama siku ile, nikatikisa chupa, nikajikaza kuweka sauti ya sokoni. Sikuwa nimeitumia nyumbani tangu Januari.

"Vijiko vitano!" nikasema.

Nikasubiri. Hata nusu ya neno ingenitosha. Angesema kimoja, ningempa dunia.

Akafungua mdomo.

Nikamtia cha kwanza, akameza. Nikamtia cha pili, akameza, machozi yakamtoka kwa uchungu wa dawa. Nikafunga chupa. Yeye akabaki ameacha mdomo wazi, mikono juu ya magoti, akisubiri vitatu vilivyobaki.