Maharage ya Hollis

Hollis Stallcup alizikwa katika msimu wa pamba, na Jumamosi iliyofuata mkewe, Verna, akiosha vyombo jikoni, alisikia karata zikichangwa gerejini. Hilo halikumshangaza. Delbert, mdogo wa marehemu, na rafiki yao Eusebio Cantú walicheza humo na Hollis kila Jumamosi mchana tangu ujana wao. Kilichomfanya aache sahani majini ni sauti ya Delbert: "Zamu yako, Hollis."

Kisha mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, cha fundi aliyemeza vumbi la pamba maisha yake yote kwenye mashine za kuchambulia. Verna alikijua kikohozi hicho kuliko alivyojua kengele ya kanisa.

Alivumilia Jumamosi kadhaa, akiomba. Lakini aliyepumzika kwa Bwana ana haja gani ya kukohoa gerejini? Siku moja akajifuta mikono, akaenda.

Hakuwahi kuvuka kizingiti kile. Alikuwa binti wa mhubiri wa Kibaptisti, na mara tu walipooana alimwambia mumewe kwamba karata ni kitabu cha shetani na pesa haitakaa mezani nyumbani mwake. Hollis hakupenda ugomvi. Pampu za majirani alizitengeneza bure, na hata kahawa hakuimaliza. Aliacha funda moja kikombeni, akisema ni la njiani. Siku ile ya onyo alichota tu maharage makavu kwenye mtungi wa mkewe. "Basi tutachezea haya, mama. Shetani hali maharage."

Maharage yale yale yalikuwa mezani sasa, fungu zima, mbele ya kiti kitupu. Kando yake karata mbili zimelala kifudifudi.

"Mnamgawia maiti?" Verna aliuliza.

Delbert akavua kofia. "Ni sheria ya mchezo, shemeji. Asiyekuwepo anagawiwa maadamu ana maharage. Zamu ya kutanguliza dau ikimfika, tunalitoa kwenye fungu lake, na mtu akimfuata, karata zake tunazitupa bila kuzitazama. Fungu likiisha, kiti kinatoka. Akibaki na punje moja, bado yumo."

"Na linapungua?"

Wanaume wakatazamana.

"Ndiyo shida, dada Verna," Eusebio alisema. "Halipungui. Zamu moja anapoteza punje. Zamu nyingine anatanguliza mbili, nasi lazima tumfuate au tutupe karata. Tukitupa wote, anazoa. Na zamu hiyo ikifika, daima tunapata takataka."

"Mnamhurumia."

"Nimhurumie? Alininyoa bila maji tangu tukiwa vijana! Muulize huyu mdogo wake, mzee wa machozi."

"Machozi ya nani? Ni vumbi, bwana wee."

Verna akavuta kiti cha mumewe, akakaa. Kilikuwa na joto, kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi. "Nifundisheni," akasema. "Nimmalizie mwenyewe."

Wakamfundisha. Kila mtu ana karata mbili za siri. Tano hufunuliwa mezani, ni za wote: kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Katika hizo saba unachagua tano zilizo bora. Jozi humshinda asiye na jozi, na wote wasipopata kitu, mkubwa ni mwenye karata kubwa. Kabla ya kila kufunua, karata ya juu huchomwa.

"Huchomwa?"

"Huwekwa kando tu, shemeji. Hakuna anayeiona."

Verna alinong'ona sala fupi.

Zamu ya Hollis kutanguliza punje mbili ikafika. Eusebio akagawa. Delbert akatazama zake, akazifunua: mbili na saba, za rangi tofauti, mgawo mbovu kuliko yote. Eusebio akafunua zake polepole. Mbili na saba. Nje upepo uliokuwa ukipiga mabati ukanyamaza ghafla.

"Unaona?" Eusebio alisema, akazitupa.

Delbert akanyanyua zake naye azitupe. Verna akamshika mkono.

"Usitupe. Mfuate ndugu yako."

"Shemeji, kwa mbili na saba?"

"Kwa hizo hizo. Hajawahi kukutana nanyi tangu afe. Mnamkimbia tu."

Akalisukuma fungu lote katikati bila kutazama karata za mumewe. Delbert akaweka lake. Karata ikachomwa, zikaja nne, tisa na mzungu wa tatu, yule kijana wa chini ya malkia. Ikachomwa nyingine, ikaja tatu. Verna akafunua za Hollis: mfalme na malkia. Bado alikuwa anaongoza. Ikachomwa ya mwisho.

Ikaja saba.

"Jozi ya saba," Delbert alisema, akaangua kilio. "Nimekushinda, kaka."

Kiti kikapoa chini ya Verna. Usiku ule hakusikia kikohozi, na kimya chenyewe kilikuwa kizito kuliko alivyokitaka.

Kesho yake baada ya ibada alitoa koti la kanisani la Hollis ampe mwenye kuhitaji. Alipopapasa mfuko, vidole vikagusa kitu kidogo, kigumu, kinachoteleza. Punje moja ya haragwe. La njiani.

Aliigeuza kiganjani. Halafu akairudisha mfukoni na koti akalitundika lilipokuwa.

Jumamosi, Delbert alipokuja kukibeba kile kiti, alimkuta mlangoni.

"Kiache," Verna alisema. "Mgawieni."