Tao la Leokadia

Tope lililokandwa na pumba za mpunga, likilala usiku mmoja, asubuhi hunuka kama uji uliochacha. Harufu hiyo ndiyo ilikuwa ikinipokea kila siku kiangazi kimoja cha miaka ya tisini, nikiwa darasa la nne, wakati kijiji chetu kule Mpimbwe kilipoamua kujenga kanisa la tatu. La kwanza lilikuwa la fito na nyasi, mchwa wakalimaliza. La pili lilikuwa la udongo na bati, ukuta wake ukapasuka mpaka mbuzi wakawa wanahudhuria ibada bila kupitia mlangoni. Hili la tatu lingekuwa la matofali ya kuchoma, lenye mnara wa kengele, madirisha membamba kumi na mawili, sita kila upande, nimeyahesabu mara mbili, na juu ya mlango mkubwa tao la matofali ishirini na moja.

Sisi wa mafundisho ya komunyo ya kwanza tulipangiwa kufyatua matofali arobaini kila mmoja, na kuyatia alama kabla hayajakauka. Mimi nilikuwa nikibonyeza dole gumba mara moja. Leokadia, binti wa katekista, niliyekaa naye dawati moja, alichora msalaba mdogo kwa kijiti. Alikuwa na mwandiko mzuri, sauti nzuri, na kandambili ambazo zote mbili zilikuwa zake. Nilimwonea wivu kwa mpangilio huohuo. Kwa hiyo yeye alipofyatua arobaini, mimi nilifyatua sitini, na siku ya kupanga tanuru niliwabembeleza wapangaji wayaweke yangu upande wa nje, yanakopita macho ya watu. Ya Leokadia, kwa kuwa hakuomba chochote, yalitupwa katikati.

Moto ulipopoa, fundi wetu, mzee wa Kifipa aliyetoka Sumbawanga na pimamaji yake mkobani, akawa anachukua matofali mawili mawili na kuyagonganisha sikioni. Ya katikati yalilia kama kengele. Yangu yalilia kama boga. Nilimkumbusha kwamba mimi ndiye niliyeleta mengi kuliko wote. Akasema mengi yana kazi yake, yaende ukuta wa nyuma. Kwenye tao akapanga matofali tisa yenye msalaba, mojawapo likiwa lile la kati kabisa, linaloshika mengine yote.

Jioni yake nilimpelekea kibuyu cha asali ya baba, nikamwomba ang'oe moja tu, la kati, aweke langu. Alionja, akalamba kidole, akaonja tena.

"Asali yako imeiva, binti," akasema. "Tofali lako bado."

Kibuyu hakurudisha.

Miezi iliyofuata niliingia kanisani nikiangalia miguu yangu, maana Leokadia alikuwa anaingia akiangalia juu. Kisha saruji ikafika, na kabla askofu hajaja kulitabaruku kanisa, uso wote wa mbele ukapigwa lipu na kupakwa chokaa nyeupe, tao na misalaba yake humo humo. Leokadia alilia nyuma ya mnara. Mimi Jumapili ile niliimba kwa sauti ambayo mwalimu wa kwaya aliniomba niipunguze. Saruji iliishia ubavuni, ukuta wa nyuma ukabaki mtupu, na dole gumba langu likaonekana humo mara hamsini na nane, ukiondoa matofali mawili yaliyovunjika.

Mwaka jana nilipanda gari kutoka mjini Nsemulwa, ninakoishi na kufanya biashara yangu, baada ya kusikia kwamba ukuta wa nyuma unapigwa lipu. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi nikamkuta ni Leokadia, bado na ile sauti. Nikamwambia nitaleta saruji ya ukuta mzima, ila waniachie kipande changu.

"Yanamong'onyoka, dada," akasema. "Hayakuiva. Lipu ndiyo itayashika."

"Basi niachie moja."

"Na mimi aliniachia nani?"

Nilijaribu kuingiza dole gumba kwenye alama yangu moja ya zamani, halikuingia. Kisha nikamwambia aite fundi abandue lipu pale katikati ya tao, msalaba wake utoke, na huku nyuma abakize tofali langu moja. Alicheka, akasema nyie watu wa mjini hamchoki.

Imefanyika hivyo. Moja lake, moja langu. Nimekwenda kuhesabu mara mbili. Lakini lake liko juu ya mlango, na maharusi wanapigia picha chini yake. Langu liko nyuma, usawa wa goti, na mbuzi wa paroko anajikunia hapo. Nilipaswa kutaja urefu kutoka ardhini kabla hatujapeana mkono.