Chupa Moja na Nusu ya Dawa ya Kuziba

Gari langu lilikuwa linavuja maji na mimi nilikuwa najua. Nianze hapo, maana kila nikijaribu kusimulia habari hii ninajikuta nimeanzia kwenye mpando wa mlimani, au kwenye mkono wa mdogo wangu, kana kwamba kosa lilizaliwa barabarani. Kosa lilizaliwa Butembo, katika ua wangu, mchana kweupe, nikiwa na akili timamu.

Ilikuwa juma la mahari. Jumamosi mdogo wangu alikuwa anapeleka mbuzi Beni, mtaa wa Beu, kwa wazazi wa mchumba wake. Baba yetu alikwisha kufariki, kwa hiyo mimi kifungua mimba nilisimama mahali pake. Kwetu siku hiyo ina macho mengi. Mbuzi hutazamwa meno, shangazi hutazamwa kitenge, na gari lililomleta bwana arusi hutazamwa kabla ya bwana arusi mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa shule ya kanisa. Sina duka wala jengo la ghorofa, lakini gari ninalo, kuukuu ndiyo, ila ni gari. Nilitaka lionekane Beu.

Alhamisi fundi alichungulia radiateri, lile tangi la mbele linalopoza maji ya moteri, yaani injini, akasema itolewe na ilehemiwe, gari lilale kwake hadi Jumatatu. Nikamwonyesha chupa niliyoinunua njiani: dawa ya kuziba, unaimimina ndani, nayo inatafuta tundu yenyewe. Alicheka kidogo, kisha akaacha.

“Mwalimu, hii dawa haina macho,” akasema. “Itaziba fasi yenye kuvuja, lakini itaziba na fasi yenye maji inapitia. Kama gari imekufia mu pori, ni sawa, tia, ufike nyumbani. Ya kupanda nayo mulima, hapana.”

Nami ni mbishi. Mtu aliyezoea kusahihisha madaftari ya wengine hapendi kusahihishwa na mtu mwenye oili mikononi. Nikamwambia nitafikiri. Sikufikiri. Nilirudi nyumbani nikamimina chupa nzima, na asubuhi, nilipoona tone bado linaning'inia, nikanunua ya pili nikaongeza nusu. Nikatandika kartoni chini ya gari. Ijumaa jioni ilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Nilimwita mke wangu atoke jikoni aje aitazame, nikamwambia mafundi wanapenda kurefusha kazi.

Jumamosi mimi na wajomba tulitangulia na mbuzi katika pikapu ya jirani. Mdogo wangu angefuata na gari langu, yeye na shangazi yetu. Nilipompa ufunguo aliniuliza, akiniita yaya kama kwetu mdogo anavyomwita kaka yake mkubwa:

“Yaya, maji iko sawa?”

“Iko sawa kabisa. Wee endesha tu.”

Uongo ule ulikuwa mdogo hivyo. Ulinitoka bila jasho, chai ikiwa bado mkononi.

Tulifika Beu, mbuzi wakafungwa kwenye ua, tukapewa viti vya plastiki. Wenye binti walikuwa wameketi tayari, wakitungoja. Ndipo simu ikalia.

“Yaya, gari inachemka. Tumepita Maboya, tuko ku mupando. Moshi inatoka mingi.”

Katika barabara ile siku hizi hakuna anayependa kusimama, kwa hofu ya watu wenye silaha, na nilisikia haraka katika sauti yake. Akasema, “Acha nifungue niangalie maji.” Ningeweza kumwambia asifungue. Neno moja tu, ngoja, lingetosha. Nilikuwa na simu sikioni na watu wote wananitazama, na nilichokuwa ninakifikiria ni ile chupa, na jinsi nitakavyoeleza. Sikusema kitu. Akakata.

Waliwasili saa nane kwa pikipiki mbili. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kitenge cha shangazi. Maji yanayochemka yalikuwa yamemrukia alipofungua kifuniko. Wenyeji wakatutania kwamba bwana arusi amewaka mapenzi mpaka mkono, nasi tukacheka kwa adabu. Yeye alitabasamu huku jasho likimtiririka. Alipotakiwa kumkabidhi baba mkwe kamba ya mbuzi wa kwanza, mimi ndiye niliyeishika kwa niaba yake. Mahari ikapokelewa.

Gari lilirudi Butembo likivutwa kwa kamba. Fundi alichokoa radiateri kwa kijiti, kikatoka uji wa kahawia, mzito, ile dawa yangu. Moteri ilikuwa imeungua. Hakuniambia “nilikuambia.” Aliuliza tu, “Ndugu yako anajua?” Nikajibu, “Nitamwambia.”

Huu ni mwaka wa pili. Mdogo wangu ni seremala, au alikuwa. Ngozi ilipona, lakini vidole viwili havikunjiki tena, na randa haishikiki kwa vidole vitatu. Milango ya nyumba yangu yote aliitengeneza yeye. Sasa anauza mbao za wengine sokoni, na hanung'uniki, na hilo linaniumiza kuliko kama angenung'unika. Nilipanga kumwambia Noeli, nikapanga tena siku ya ubatizo wa mtoto wake. Mimi ni mwoga. Mtu mzima, mwalimu, na mwoga.

Lakini nafasi yangu halisi ilikuwa juma la tatu baada ya mahari. Kwetu mdogo aliyemkosea mkubwa haji mikono mitupu wala haji peke yake. Alikuja na shangazi, na kuku wa miguu iliyofungwa. Alikataa kuketi.

“Yaya, ni miye niliunguza moteri yako. Nilikuwa ninasimulia na shangazi mambo ya ndoa, sikuangalia sindano yenye kuonyesha moto ya moteri. Unisamehe.”

Shangazi akaongeza, “Mutoto amejirudi. Umupokee.”

Nikampokea kuku. Alikuwa mzito, moyo wake ukidunda kwenye kiganja changu. Niliyatafuta maneno, na yalikuwepo, hata hayakuwa mengi. Kisha nikasikia sauti yangu, ile ya darasani, ikisema, “Nimekusamehe.” Shangazi akapiga makofi na kumshukuru Mungu. Mke wangu, aliyeiona kartoni, alinitazama, akamchukua kuku akaenda jikoni.

Tulikula sote pamoja, ugali na yule kuku, kama desturi inavyotaka. Mdogo wangu aliutazama mkono wake uliofungwa, akamtazama shangazi, akaona haya. Kisha akamega kwa mkono wa kushoto.

“Na hii pia munisamehe,” akasema.

Wote wakaningoja mimi, mkubwa, nijibu. Nikamwambia nimemsamehe na hilo.