Uji wa Majani ya Bahari

Herminda alikuwa na mama mwenye ulimi mkali, na Wacomcaac wote, wenyeji wa pwani ile ya Ghuba ya California walimjua Bi Ofelina. Kosea chumvi tu, utasimangwa mpaka jua lizame. Miaka nenda miaka rudi Herminda alimwomba Mungu ampe siku moja ya kimya. Basi bibi huyo akaugua, akanyamaza kweli, na kimya chenyewe kikamtisha binti yake.

Mkate ukarudi jikoni bila kuguswa, supu ya samaki ikarudi. Bibi alitamka maneno mawili tu: "Uji wa majani." Alitaka uji wa mbegu za yale majani yaotayo chini ya bahari.

"Mnunulie unga wa shayiri, dada," alisema jirani yao Chalio. "Bahari haina haraka na mtu."

Tatizo lilikuwa upepo. Msimu wa baridi huvuma kutoka kaskazini, maji yakasukumwa kwenda kusini, na majani yaliyong'oka yakapotelea huko huko. Mpaka upepo ugeuke, utoke kusini, ndipo mkondo nao hugeuka ukayaleta ufukweni yakiwa na mbegu zilizokomaa. Mwaka huo upepo wa kaskazini uling'ang'ania. Herminda akachoka kungoja, akaingia majini akayakata mabichi. Kuyatwanga, lo! Maganda matupu. Akaketi mchangani akalia, maana mama alikuwa anazidi kukonda.

Siku chache baadaye, asubuhi, pazia la mlango wake utazamao kusini lilipepea kuingia ndani badala ya kutoka.

"Dada, toka uone!" Chalio alipiga kelele. "Yamekuja!"

Ufuo mzima ulikuwa umefunikwa majani. Wanawake wakayaanika, na yalipokauka wakayapiga kwa fimbo. Herminda hakuwa na subira ya kupepeta na wenzake. Alipepeta juujuu, akakaanga, akasaga, akapika, akatia asali, akambeba mama mikononi amnyweshe.

Bibi alionja. Akatafuna polepole. Uso ukakunjamana.

"Una mchanga," akasema. "Nani kakufundisha kupepeta wewe? Mbuzi?"

Herminda alicheka huku machozi yakimtiririka. "Si ni wewe, mama?"

"Mimi? Usinisingizie, mwanangu." Bibi akafungua mdomo tena. "Haya, lete. Unangoja upoe?"